Ubao Safi Kuliko Yote Shuleni

Shangazi mshauri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba ubao wa darasa langu la tano ndio safi kuliko mbao zote za shule hii, mwalimu mkuu mwenyewe amekiri mbele ya wageni, na anayestahili sifa ni msichana wa dawati la nyuma ambaye wenzake wanamwita Bi Dasta, ila mimi ndiye niliyempa kazi ya kuufuta, na nilimpa, Shangazi, ili nisimwambie asome.

Hajui kusoma. Niligundua mwaka jana nilipomsimamisha na kitabu, akaukodolea macho ukurasa huku jasho likimtoka, wenzake sabini wakaanza kucheka, nikamwonea huruma nikasema, "Kaa, mama, au njoo unifutie ubao," na tangu siku hiyo kila zamu yake ikifika ubao unachafuka ghafla. Nilijaribu kubaki naye baada ya kengele, siku mbili, "ba" na "be" anazijua vizuri, lakini akifika kwenye "nyumba" au "ng'ombe" anakwama kama mtu aliyefungiwa mlango, na siku ya pili wenzake wakachungulia dirishani wakiimba, "Chekechea hiyo! Chekechea!" akainamisha kichwa, nami nikajiambia namlinda, nikamrudishia dasta. Lakini madaftari yake ungeyaona! Ananakili kila herufi kama imepigwa chapa, nami naweka vema na "Hongera" kila ukurasa, na mama yake anayatunza kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Wiki iliyopita huyo mama alikuja kunishukuru. Ni mshonaji, hakubahatika kusoma, mumewe yuko kazini mbali mwaka wa pili sasa na hapigi simu, anatuma meseji tu, basi binti ndiye msomaji wa nyumba. "Ananisomea zote, mwalimu, wala hakwami!" Akasema baba anarudi mwezi wa nane, chumba ameshapaka rangi, mapazia ameshashona, akanipa simu nami nifurahi. Nikasoma. Imeandikwa: "Nimeongeza mkataba. Siji mwaka huu, wala msinisubiri." Kumbe mtoto alikuwa anabuni. Mama akauliza, "Si umeona, mwalimu?" na ulimi wangu, Shangazi, ukajibu, "Nimeona, mama. Mwezi wa nane." Bi Dasta alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, akatabasamu mpaka magego yakaonekana, kwa sababu alidhani kumbe siku zote hizo alikuwa anasoma.

Silali vizuri. Je, ninyamaze mpaka wagundue wenyewe, au niseme, na nikisema naanzia kwa nani?

Mwalimu wa Ubao Safi

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimetaka kukukumbatia kisha nikuchape fimbo moja. Roho yako si mbaya. Shida yako ni kwamba kila anayetaka kulia mbele yako unampa kitu cha kushika.

Anza na mama. Nenda wewe mwenyewe, kaa karibu na cherehani yake, umsomee meseji ile kama ilivyoandikwa, mpaka neno la mwisho. Mwambie ulimdanganya. Mwambie na hili, kwamba binti yake hajui kusoma, na kwamba zile "Hongera" za kabatini ni aibu yako, si ya mtoto. Atakasirika, vumilia. Akitaka kumfokea binti, simama katikati. Mtoto yule hakuwa akifanya ujanja. Alikuwa akimletea mama yake mume, meseji moja moja, kwa kadiri alivyoweza. Usimwachie yeye kazi ya kutoa habari hii.

Kisha Bi Dasta. Dasta ishikwe kwa zamu, hata na wale waimbaji wa dirishani. Yeye mpe robo saa kila siku, asubuhi kabla wenzake hawajafika, na mlango urudishwe. Siku mbili ulizojaribu hazikuwa msaada, zilikuwa matembezi. Usimrudishe kwenye "ba" anayoijua. Anza pale pale kwenye "nyumba" anapokwama. Na usihangaike kutafuta kitabu. Mtoto aliyetunga meseji za mtu mzima mwaka mzima hakosi maneno. Aseme sentensi yake moja, uiandike kama alivyoisema, halafu aisome. Kesho ziwe mbili. Za mwanzo zitamhusu baba yake, nakuonya, kwa hiyo beba leso, lakini usimkatize.

Utaniambia darasa lina watoto sabini na mmoja. Najua, na wengine wanajificha vilevile, ila wao hukuwapa dasta. Darasani mkalishe na rafiki mmoja asiyecheka ovyo, wasome pamoja kwa sauti ya chini, na asisimamishwe mpaka siku atakayonyoosha mkono mwenyewe. Ikifika siku ya kumwandikia baba yake, aandike anachotaka. Wewe sahihisha herufi tu.

Yafanye haya kabla mama hajajipamba kwenda kupokea mgeni. Barua yako imekaa kwenye foleni yetu wiki saba. Leo ni tarehe nne, mwezi wa nane.