Bibi Harusi Mwenye Ndevu

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, Tukuyu ndiyo hiyo, na moyo wangu nao umenuna.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kusema.

Binti yangu Atupele, mwalimu kule Suma (na mwalimu kama yeye wilaya hii haipo, waulizeni wazazi), anaandika kitabu cha watoto. Anasimulia upya kwa Kiswahili hadithi za kale za watu wa Norwe, za miungu na majitu. Mimi niliyemsimulia hadithi tangu ananyonya, nimejua leo. Mama mkwe wake wa Lufingo, mwalimu mstaafu, anazo mwezi sasa, anasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mwezi mzima!

Mimi darasa la saba. Sawa.

Alipokuja mchana nikamwambia, "Na mimi nisomee, au mpaka niwe na cheti?"

"Mama nawe! Ungetangaza mtaa mzima kabla sijamaliza."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Na hapa siri yake nimeshaiandika. Atanisamehe.

Akasoma. Jitu limeiba nyundo ya mungu wa radi, haliirudishi mpaka lipewe mke. Basi mungu wa radi mwenyewe anavishwa shela, anapelekwa kuolewa na ndevu zake. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Ila Atupele amekwama: wanafunzi wanamuuliza, karamu nzima mbona jitu halifunui shela? Mama mkwe naye hana jibu.

Nikamwambia, "Mweke baba mkwe pale mezani."

Kwetu Wanyakyusa mke hatazamani na baba mkwe. Anajifunika, anapisha njia. Mimi wa kwangu nilimkimbia, nikijificha migombani, miaka na miaka. Mzee akiwepo, nani athubutu kufunua shela?

Atupele aliruka, akaandika. Nikavimba kichwa. Kisha akashika simu: "Ngoja nimwambie mama wa Lufingo!"

Nikaenda jikoni kumenya ndizi, masikio yote sebuleni.

"Jibu kalitoa mama yangu," akasema.

Kwenye spika yule mama akacheka sana. "Mwambie aje Jumamosi, hadithi inayofuata nayo imenishinda."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Nitaenda. Kitenge kipya, na mkungu mkubwa kuliko yote shambani, aone. Lakini Ijumaa Atupele lazima anisomee hiyo hadithi, nifike Lufingo na jibu tayari.