Sikukuomba Ruhusa, Baba

Mhezi, milima ya Upare

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka mlimani, penye baridi kama ya kwetu Sumbawanga wakati wa kipupwe. Kifua chako kimetulia? Na mama, goti linamruhusu kufika shambani? Mimi mzima, ila paja linaniuma. Sababu utaiona huko mbele. Natumia karatasi kwa kuwa simu siisikii, na maneno haya hayaenei kwenye ujumbe wa kitochi chako.

Nilipanda huku jana kutoka Same, cherehani nimeifunika. Kesho alfajiri naingia msitu wa Shengena, nitalala humo. Utauliza nafuata nini. Muda wote niliokaa Same nikishona, kule chini kwenye joto na vumbi, kila nikiinua macho naona wingu limekaa juu ya mlima. Nataka kuingia ndani ya lile wingu. Basi. Sababu nyingine sina, wala sitaitafuta.

Asubuhi nilikwenda sokoni, nikanunua mabuti ya mpira, turubai na dagaa. Begi la mgongoni nimelishona mwenyewe kwa turubai la lori, mishono miwili miwili. Mama mwenye nyumba niliyofikia alikuwa ameshabandika makande ya kubeba. Hapo ndipo mumewe, Bwana Elisante, anayepokea wageni wa msituni, alipogundua kwamba nasoma midomo.

"Kumbe husikii?" akasema. "Mpigie baba yako. Aniambie mwenyewe kwamba amekuruhusu."

"Nina miaka thelathini na moja," nikamjibu.

Akageuka pembeni, akaendelea kusema huku amenipa kisogo. Baba, unajua jambo hilo linavyoniuma. Tangu ile homa ya utotoni watu wananigeuzia kisogo wakikata shauri juu yangu. Hata wewe ulifanya hivyo, siku ulipomwambia mwalimu kwamba sitarudi shule. Nilimzunguka Bwana Elisante hadi nikasimama tena mbele yake.

"Sema ukinitazama. Wageni wengine uliowapeleka, uliwapigia baba zao?"

Ningeweza kumpa namba yako. Sikumpa. Nilijua utasema hapana, tena kwa upendo, kama ulivyosema hapana nilipotaka kwenda kisimani peke yangu, na nilipotaka kuja Same.

Mama Nakijwa, mwongoza wageni, alikuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Ni mama wa makamo, mwembamba, hacheki ovyo. Akaniuliza, "Nikiona nyoka nikapiga kelele, utafanyaje?"

"Nyoka naye hasikii kelele, mama. Tutakuwa wawili."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Twende mtoni nikuone."

Tulikubaliana ishara: akinigusa bega nisimame, akinivuta begi nirudi nyuma. Njia ilikuwa matope matupu, na kijito kinavukwa kwa gogo. Nikateleza. Ndiyo, baba, nilianguka, nikagonga paja kwenye jiwe na maji yakaingia kwenye mabuti. Mama Nakijwa hakuja kuniinua. Alisubiri nisimame, kisha akaniuliza, akinitazama usoni, "Tunaendelea, au tunarudi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikapanda tena gogoni, nikavuka.

Tuliporudi, Bwana Elisante aliyaona matope, akafungua mdomo. Mama Nakijwa akamwahi: "Anakwenda na mimi." Mkewe akapakua makande bila kumngoja akubali. Mwishowe Bwana Elisante akaniletea blanketi la pili, akaniambia, safari hii uso kwa uso, "Juu kule kuna baridi sana."

Sijakuandikia nipate ruhusa. Barua hii itakapofika, nitakuwa nimekwenda na kurudi. Nimeandika kwa sababu nakupenda, na sitaki usikie habari zangu kwa watu. Lakini usinisemee tena kwa mtu yeyote, baba. Mdomo ninao.

Nisalimie mama, na shangazi Regina muuza maharage, na mdogo wangu Pius. Mwambie suruali yake ya harusi nimeshaikata. Na ukitaka kunigombeza, panda basi uje Same. Kitanda cha mgeni kipo. Ila uje uniseme ukinitazama.

Ni mimi binti yako, kichwa kigumu kama chako,
Anjela