Kandambili Yangu Ilibaki Ku Mtumbwi Yako

Papa Neema,

Ni mi, bibi yako. Usicheke maandishi, unajua shule yangu iliishia wapi. Lakini niko na habari ya mtumbwi, na sioni mwingine wa kuifurahia sawa we.

Unakumbuka siku uliishusha ku matola, ile pickup ya kubeba watu? Ulitoka nayo Lilongwe, kule Area 25, kwa muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Plastiki ya njano, nyembamba sawa muhogo, na maboya mbili za pembeni, moja imepasuka. Tanga hakuna. Nikakuuliza: ziwa iko wapi hapa kambi ya Dzaleka? Ukasema: "Ziwa haihami, mama. Sisi njo tutaifuata."

Halafu ukaugua, ukatuacha. Mtumbwi ikabaki nyuma ya nyumba. Mama Furaha, jirani, akaanza kuanika maharage juu yake, na kila asubuhi: "Samaki yako ya udongo iko bei gani leo?" Na mi: "Lipa kwanza kodi ya maharage." Tunacheka. Ndiyo, papa, nacheka tena.

Bon. Neema wetu aliolewa Salima, kando ya ziwa. Bwana yake ni mtoto wa hapa Malawi, mpole, zikomo, asante ya kwao, haitoki ku mdomo wake. Siku moja Neema akanitumia sauti ku simu: "Mama, uniletee mtumbwi ya papa. Nataka kutega nyavu yangu mwenyewe." We! Mtoto ni huyu mmoja tu, nimupeleke ku maji na mikono yangu? Nilisali, nikakosa usingizi. Mwisho nikawaza: nikikataa, atapanda ya watu wengine, imeoza. Heri ile nimetengeneza mi.

Nikakata bidon ya zamani, ile dumu ya maji. Nikapasha kijiko ku mbaula ya makaa, nikayeyusha plastiki juu ya ule ufa wa boya, polepole, vile ulikuwa unaziba beseni zangu. Tanga nilishona na mashini yangu, turubai, upindo mara mbili, ku kona nikaongeza jinzi. Maboya inashikwa na mianzi mbili zinapita juu ya mtumbwi. Nilizifunga na mipira ya baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, nikavuta mpaka vidole vikauma.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kambi, tukaifunga juu ya matola mpaka Salima. Neema akataka kuruka ndani. Nikamukamata nguo. Sijasahau neno yako ya kule kwetu Fizi, Kongo: "Mwenye kufunga kamba njo anaingia wa kwanza."

"Mama, we unaogopa hata maji ya beseni!"

Ni kweli. Lakini niliingia, na kitenge yangu, na machozi yangu. Bwana yake akashika kamba ndefu ya kunirudisha.

Papa Neema, ilikataa kwenda! Maboya zote zimezama nusu, mtumbwi inazunguka sawa mbuzi ya kamba. Watu ku pwani wanashika mbavu. Njo nikakusikia, ni kama uko nyuma yangu: "Boya isinywe maji. Iguse tu." Nilikuwa nimezifunga chini sana. Ni woga. Nilitaka zikamate maji kabisa, mtoto asianguke.

Wakanivuta. Nikafungua mipira, nikatafuta kitu cha kuinua mianzi. Kibao hakuna. Nikavua kandambili moja, nikaikata mbili, kila muanzi na kipande chake chini, nikafunga upya.

Nikaingia tena, mi wa kwanza. Tanga ikajaa. Upepo ukanilaza upande, nikaita Yesu. Boya ikagusa maji, ikanirudisha taratibu, sawa mtu ananishika kiuno. Ni mkono gani ule, papa? Nilisahau kulia. Neema alipiga vigelegele mpaka sauti ikamukauka. Halafu akaingia yeye, nikamuachilia nguo.

Nilirudi Dzaleka mguu moja peku. Sasa Neema ananitumia usipa kavu, dagaa za ziwa, na Mama Furaha anakula bila kuuliza bei. Maharage yake anaanika juu ya nyumba yangu.

Ile mipira jua itaikula, najua. Nitaenda kuibadilisha kila mwaka, papa, na nikishafunga nitaingia wa kwanza, hata nikitetemeka, mpaka Neema ajifunze kufunga. Hapo njo nitabaki ku pwani.

Pumzika, bwana yangu. Boya inagusa tu.

Bibi yako,
Mama Neema