Chupa Tatu na Nusu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali ambapo kila nikigeuka nauona uso wangu mwenyewe ukinitazama.

Mimi ni Keziah Barraclough, mke wa Jabez mchonga mawe, wa Sowerby Bridge, mtaa ulio juu ya mfereji, na mwaka huu natimiza miaka hamsini na minane, na kati ya hiyo thelathini nimekuwa nikiwaangalia watoto wa mtaa huu wakiumwa vifua na matumbo, kwa sababu bibi yangu aliniachia daftari lake la dawa za nyumbani, na mama wa hapa akisikia mtoto anakohoa haendi kwanza kwa mwenye duka la dawa, huja kwangu, nami humpa sharubati ya vitunguu, asali, siki na mzizi mtamu wa urukususu, na kifua kikibana namsugua mtoto kwa mafuta ya bata bukini nikamfunika kwa karatasi ya kaki, na tumbo likimsokota nampa maji ya shibiti, na sijawahi kumtoza mtu, na kwa hayo najivunia, sitakuficha.

Sasa msimu wa baridi uliopita alikuja bwana mmoja, Pelham Crouch, kofia ndefu, viatu ambavyo havikuwahi kulijua tope letu, wakala wa wale wanaotengeneza Kitulizo cha Mama Verity, hiyo dawa ya chupa ya kunyamazisha watoto, akakaa jikoni kwangu akanywa chai yangu akasema, "Mama Barraclough, mwanamke kama wewe jina lake lifungiwe kwenye mtaa mmoja? Hii ni dhuluma!" Nami nikavimba kichwa, Mshauri, nakiri. Akataka nitie saini ushuhuda kwamba mjukuu wangu Albert alikuwa halali kwa kulia na Kitulizo kikamponya. Nikamwambia Albert alipona kwa maji ya shibiti. Akacheka. "Ni yale yale, mama, sisi tumeyatia kwenye chupa nzuri tu." Nikauliza basi niseme chupa ngapi. "Sema tatu na nusu," akanijibu. "Ukisema tatu watu watadhani umebuni. Hiyo nusu ndiyo wanayoiamini."

Nikatia saini. Akaja mchoraji akanichora na kofia yangu ya Jumapili, na tangazo likatoka katika gazeti lenu hili, ukurasa wa nne, Jabez akalikata akalibandika juu ya meko, na kanisani wakaanza kunipisha kiti cha mbele.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Selina Greenwood, mfumaji kiwandani, aliyejifungua Agosti na kurudi kazini baada ya wiki tatu ili asipokonywe nafasi yake, na mtoto hubaki na mama mkwe mwenye masikio mazito. Watoto wote wa nyumba ile nimewasikia wakilia kupitia ukutani. Huyu simsikii. Jumamosi mchana, Selina alipotoka kazini, nikaingia nikamkuta Edith mdogo amelala, rangi yake kama nta, nikamfunua jicho na mboni ni ndogo kama ncha ya sindano, na akiwekewa ziwa analilamba tu na kuliacha. Mezani chupa ya Mama Verity.

"Binti yangu," nikamwambia Selina, "achana na kitu hiki."

"Niachane nacho vipi, Bi Keziah? Ndiyo kwanza niko chupa ya pili."

"Basi ishie hapo hapo!"

"Lakini wewe ulisema tatu na nusu." Akaenda akaleta gazeti, akanionyesha uso wangu. "Nimepanga nifike hapo hapo ulipofika wewe, nisizidishe."

"Usisikilize gazeti, nisikilize mimi."

"Gazeti si ndiye wewe? Au unaumia kwa kuwa hatukugongei mlango tena?"

Mama mkwe wake, ambaye hasikii hata king'ora cha kiwanda, hilo alilisikia, akacheka mpaka meno yakamcheza.

Nikatoka, na ukweli sikuusema. Jabez ananiambia, "Nyamaza, Keziah, jina ni kama jiwe, likishapasuka hakuna gundi." Na mimi najiuliza, nikisema nilidanganya, nani ataniamini tena hata kwa kikohozi, na daftari la bibi yangu litakuwa la nani? Nionyeshe njia ya kumfanya Selina aiache chupa ile bila mimi kuitaja saini yangu. Naandika jina langu kamili kwa sababu sijui kuandika jingine.

Keziah Barraclough

*

Bi Keziah,

Wanaoniandikia hujiita "Mwenye Huzuni" au "Mke Asiyelala". Wewe umeandika jina lako na la mume wako na umetaja mpaka mfereji. Jambo hilo litakuokoa, lakini kabla halijakuokoa nitakukaripia.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Gazeti hutoka Jumamosi. Mtoto mwenye mboni kama ncha ya sindano hangojei Jumamosi, na wewe, mwanamke wa miaka thelathini ya kuwaona watoto wagonjwa, ulilijua hilo ulipokuwa unalamba bahasha. Ndiyo maana siku ile ile nilikupelekea telegramu: NENDA SASA SEMA ULIDANGANYA ITA DAKTARI. Nawe asubuhi yake ukajibu: NIMESEMA AMENIFUKUZA CHUPA NINAYO DAKTARI YUPO.

Bi Keziah, nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na tisa. Nimeandikiwa na wachungaji na wake za wabunge, na hakuna hata mmoja aliyepata kuniandikia maneno sita yaliyonyooka kama hayo. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya wapanga chapa, wakagonga meza.

Sasa tuendelee, maana hukumaliza kazi, umeianza tu.

Kilichomo ndani ya chupa ile ni afyuni. Daktari bila shaka amekwambia, nami nilikwisha kuliandika jambo hili mpaka nikaambiwa nina kichaa cha afyuni. Mama Verity hayupo, hajawahi kuwapo. Yupo mwanamume mwenye masharubu na ghala. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembezwa kwa kofia ndefu hadi jikoni kwako kuazima uso, kwa kuwa chenyewe hakina uso wa kuonyesha watu.

Waliona mtaani kwenu hapakosi mwanamke anayeaminiwa. Kila kilichomo chunguni mwako unaweza kukitaja ukiwa umefumba macho: kitunguu, asali, siki, urukususu. Mtu akikuuliza unamjibu, na mtoto akizidiwa unasema hapa pamenishinda, mpelekeni kwa daktari. Mwambie Bwana Crouch akutajie vilivyomo kwenye chupa yake, uone kama hatachukua kofia yake aondoke. Daftari la bibi yako lina heshima kwa sababu hakuna siri ndani yake, nawe ulilibadilisha kwa picha na kiti cha mbele. Ona aibu kwa hilo. Kisha maliza kuona aibu, tuna kazi.

Kwanza mtoto. Fuata maneno ya daktari na si yangu, na usimpe chochote cha chunguni mwako mpaka yeye aruhusu. Mchana Edith asibaki na bibi asiyesikia. Akae kwako, kwenye mwanga. Selina amekufukuza, rudi. Akikufukuza tena, rudi na supu, na usimhubirie. Ole wake msomaji wangu atakayeniandikia kumlaumu Selina Greenwood! Alirudi kiwandani na maziwa yakimchuruzika, akasoma ushuhuda wa mwanamke anayemheshimu kuliko wote, akapanga kuufuata kwa uaminifu mpaka ile nusu. Kosa lake ni kukuamini. Mtake radhi kwa hilo, kwa maneno hayo hayo, na mama mkwe awepo. Msemee kwa sauti.

Pili, jina. Jabez ni mchonga mawe, basi anajua nitakachosema: jiwe lenye ufa likifunikwa kwa plasta ndilo huangusha ukuta. Fundi huonyesha ufa, hukata mpaka penye uzima, ndipo hujenga. Unauliza nani atakuamini tena. Hakuna atakayekuamini ukikaa kimya, maana Edith amelala upande wa pili wa ukuta wako na mtaa una macho. Lakini mwanamke anayesimama na kusema, nilisema uongo, niliusema kwa kupenda sifa, na huu hapa ukweli, huyo siku atakayomwambia mama hiki kikohozi si cha sharubati, kimbia kwa daktari, mama atakimbia.

Na Selina si peke yake. Uso wako uko juu ya meko mengi kutoka kwenu hadi Leeds, na katika nyumba hizo kuna wanaohesabu chupa sasa hivi.

Hapa nami niinamishe kichwa. Tangazo lile lilitoka katika gazeti hili, kurasa mbili kutoka safu hii, na kila Jumamosi nilipita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi mlangoni kwake. Jumanne niliingia kwa mhariri na telegramu yako mkononi. Tulipigana. Aliniambia ninakata tawi tunalolikalia wote, nikamwambia basi tuanguke tukiwa safi. Alitembea chumbani, akaisoma tena ile telegramu, akasema, "Huyu mama ana nguvu kuliko sisi wawili."

Fungua ukurasa wa nne wa leo. Palipokuwa na kofia yako ya Jumapili pana nafasi tupu. Nimeizuia kwa ajili yako. Niletee ushuhuda wako mpya kabla ya Alhamisi, kwa mwandiko wako, utapigwa chapa kwa herufi zile zile na picha ile ile. Eleza Albert alipewa nini. Eleza ulimkuta Edith katika hali gani. Na kwenye idadi ya chupa za Mama Verity ulizompa mjukuu wako, andika hakuna hata moja, na usiweke nusu.