Uyoga wa Chini ya Kitanda

Mama yangu,

Mjukuu wako Taji anakusalimia kwa meno mawili mapya. Ulisema nikiona Kampala hailishi mtu asiye na shamba, nimwache baba yake na kazi yake ya polisi, nirudi kwako na mtoto. Basi jana mvua ilimwagika hapa Nsambya mpaka njia ya sokoni ikawa mto, na mimi ndani sina hata jani. Nikabisha kwa jirani, Mama Okello, kuomba mboga. Akanivuta chumbani. "Nyabo, dada yangu, inama chini ya kitanda uchume."

Nikadhani ananitania! Kumbe amepanga mifuko ya maganda ya pamba, na uyoga umeota mweupe, laini kama masikio ya Taji.

"Mumeo hasemi kitu?"

"Aseme nini, na mdomo umejaa?"

Tulicheka hadi mtoto naye akacheka. Na nyuma ya nyumba ana magunia yameota mchicha!

Mama, tunabaki. Baba Taji ameshahamisha buti zake kutoka chini ya kitanda chetu. Nitumie mbegu za mrenda na kunde, kisha uzifuate mwenyewe uje ule. Nakukumbatia mpaka uniambie basi.

Mwanao, Mama Taji