Kalibu Zinazotoka Jumamosi

Rugera, Karagwe

Dada yangu Naomi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye ukungu, nikiomba barua hii ikukute unatembea bila ile fimbo. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kupumzika mchana hata akiumwa? Mimi ni mzima. Nakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na siku nisipozila watu wa hapa wananiuliza nimegombana na nani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Siku zile zote ulizopiga nikakujibu "nzuri, nzuri" na kukata, nilikuwa karakanani. Kuta za pale ni mabanzi. Ukinong'ona ndani, anayepita nje anasikia. Sasa kuna mwalimu wa huku anakuja likizo Lushoto, nimempa bahasha mkononi. Nimeifunga kwa gundi ya mbao. Ukiikuta imefunguliwa, muulize yeye.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi kwa Mzee Gration, mwenye karakana pale Nyabiyonza? Nilipofika nilikuta fundi mmoja tu, Deo, Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno machache. Vifaa vilikuwa vimelala chini kwenye maranda. Ukitaka patasi unapapasa kama kuku anayetafuta mchwa. Basi nikaanza kukusanya vipande vilivyokuwa vinangoja kuchomwa jikoni. Nikatengeneza ubao wa ukutani, kila kifaa na kitanzi chake, randa hapa, misumeno pale. Madumu ya mafuta ya kula nikayakata midomo, nikayapanga kwenye rafu yakawa droo za misumari na skrubu.

Halafu nikatengeneza kalibu. Wewe si mtu wa mbao, kwa hiyo nikueleze. Kalibu ni kama boksi dogo la mbao lenye mwanya wa kupitisha msumeno. Unaweka mguu wa kiti ndani, unausukuma mpaka ugote kwenye kizuizi, unakata. Hupimi tena, hupigi mstari, na miguu yote inatoka sawasawa na mshazari wake. Nilitengeneza ya miguu, ya matundu ya kuingizia ndimi za mbao, ya migongo iliyopinda, nikazitundika kila moja na msumari wake. Viti tulivyokuwa tunahangaika navyo wiki nzima vikawa vinaisha kabla hatujachoka. Mzee Gration alifurahi mpaka akaniletea mkungu wa ndizi kutoka kibanjani kwake. "Waitu, Yoeli," akasema, "wewe sasa ni mwanangu." Nikashukuru. Lakini wewe ndiye uliyenilea, unanijua. Mtu akinisifu sana huwa naangalia mikono yake.

Jumatatu moja nikakuta kalibu ya miguu imetundikwa kwenye msumari wa kalibu ya migongo. Nikaishusha. Ndani ya mwanya kulikuwa na unga mwekundu wa mbao. Dada, sisi tulikuwa tunakata paina tu, na unga wa paina ni mweupe kama sembe. Ule ulikuwa wa mninga. Nikaupangusa kwa kidole, nikaendelea na kazi.

Jumatatu iliyofuata, hivyo hivyo. Kuna mtu alikuwa anazichukua Jumamosi tukifunga, anafanyia kazi mahali pengine, anazirudisha kabla sijafika.

Nikamshuku Deo moyoni. Yeye ndiye aliyekuwa anabaki kufunga mlango Jumamosi. Tena alikuwa na tabia ya kwenda na simu nyuma ya rundo la mbao akiongea Kihaya, na katikati ya maneno nisiyoyajua nasikia "Msambaa, Msambaa". Nani mwingine hapa ni Msambaa? Nikaacha kunywa chai naye. Akinisogezea kikombe nasema tumbo halipo sawa. Akiniuliza kalibu fulani naitumiaje, namwambia nitakuonyesha kesho. Alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa, anarudi kwenye randa yake.

Siku moja nikapita gulioni nikaona viti vinauzwa, mgongo ule ule, mshazari ule ule, ila vya mninga. Nikakipindua kimoja. Kwenye kila mguu, pale pale, kulikuwa na mkwaruzo mwembamba. Ndani ya kalibu yangu kuna ncha ya msumari iliyojitokeza, na kila mguu unaopita humo unatoka na mkwaruzo huo. Nikamuuliza muuzaji, "Vinatoka wapi?" Akasema, "Nkwenda, huko Kyerwa. Kuna fundi mpya, vijana wanasema ana akili sana." Ana akili sana! Nilirudi nyumbani sikula.

Ndipo nikatega. Ile kalibu ya miguu ina pande mbili, mmoja wa miguu ya kushoto na mwingine wa kulia. Jumamosi mchana Deo alipokwenda kunawa, nikakisogeza kizuizi cha kushoto kwa unene wa biskuti. Atakayeitumia, viti vyake vyote vitaegemea upande mmoja kama mlevi wa lubisi, pombe ya ndizi ya huku. Nilipanga Jumatatu niwahi, nikirudishe, kisha nimtazame Deo usoni.

Jumatatu nilifika, nikakuta msumari mtupu. Deo alikuwa amekaa kwenye benchi ananoa patasi. Nikasema kimya kimya, leo ni leo. Kabla sijafungua mdomo, mlango ukasukumwa. Mzee Gration akaingia na kalibu yangu kwapani, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nani ameharibu hii?" akafoka. "Seti nzima ya viti imekwenda upande! Nani?"

Deo akaiweka patasi chini taratibu.

"Mzee," akasema, "hapa Jumamosi tulikata migongo tu. Hiyo seti imekatwa wapi?"

Nilimwona Mzee anavyotafuta pa kuangalia. Mwisho akakaa juu ya rundo la mbao, akasema kwa sauti ya chini kwamba fundi wa Nkwenda ni mkwewe, mume wa bintiye. Kijana amefungua karakana na kazi haijui vizuri.

"Ungeniomba ningekwenda kumfundisha," nikamwambia.

Hapo akapandisha tena. "Nikuombe? Mbao ni za nani? Misumari ya nani? Ulizitengeneza ukiwa kwenye kazi ya nani?" Kisha akalegea. "Binti yangu yuko kule, Yoeli. Siku ukiwa na binti utanielewa."

Dada, mabaki yalikuwa yake kweli, na saa zilikuwa zake. Lakini kufikiri kulikuwa kwangu, na hilo halina risiti. Nikaichukua ile kalibu, nikalegeza skrubu mbele yao, nikakirudisha kizuizi mahali pake. Sikutaka kitu cha mikono yangu kibaki duniani kikikata upande. Nikamkabidhi. "Chukua, Mzee. Mimi mwisho wa mwezi naondoka."

"Ondoka," akasema. "Zinabaki."

Zikabaki. Hadi leo sijui kama alikuwa anangoja zote zinakiliwe ndipo anifukuze, au alimwonea tu huruma mwanawe. Nimewaza pande zote na sijapata usingizi mzuri kwa upande wowote.

Cha ajabu, Deo aliondoka pamoja nami. Tumepanga chumba hapa Rugera, karibu na mnada wa kahawa, na nimeanza upya kutundika vifaa ukutani. Kalibu za sasa ni nzuri kuliko zile. Mikono ilishajua makosa. Juzi tulikuwa tunapiga msasa, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ule mtego ulikuwa wa kuninasa mimi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaupuliza unga wa mbao. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni wewe unayezitoa kalibu. Nilimwambia mke wangu kwenye simu, huyu Msambaa anafungua karakana yake kwa siri, ataniacha hapa na Mzee."

Nikaenda kuchemsha chai, nikamimina vikombe viwili, na yeye akangoja mpaka nilipokunywa changu kwanza.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie shuka alilonishonea bado linanifaa kwenye baridi hii. Msalimie shemeji, mumeo, na mpwa wangu Neema, asome. Mjomba Zakaria wa mizinga ya nyuki umwambie huku asali ipo lakini si kama yake. Mama yangu wa ubatizo naye asinisahau kwenye sala za Jumatano.

Ukiijibu barua hii, mpe mwalimu huyo huyo. Nimeamua kumwamini.

Ni mimi mdogo wako niliyekaa mgongoni mwako,

Yoeli