Punje za mahindi juu ya injini

Mujukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana ikufikie huko shuleni kwa ufundi wa magari. Hapa Kashojwa, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, tuko wazima, na bibi yako amevuna maharagi mingi.

Unauliza kama mutoto aliyekulia na jembe ataweza mashine ya kupima injini. Sikia.

Nilipokuwa fundi mujini Mbarara, kule mutaa wa Nyamityobora, afande mmoja alileta pikapu. "Mzee, mashine inasema ni sensa ya hewa, kile kidude cha kupima hewa inayoingia injini. Nimebadilisha mara mbili, lakini gari iko inazima tu."

Nikachomeka mashine yangu; ikasema vilevile. Lakini nikaona punje za mahindi juu ya injini, kwani afande alikuwa akibeba mahindi yetu ya Nakivale. Mulimaji anajua: penye mahindi, panya yuko. Nikafuata waya wa sensa kwa kidole mpaka fasi, pale panya alitafuna, nikauunga. Gari ikanguruma, haikuzima tena. Afande akanipigia saluti, mimi mukimbizi mwenye mikono ya oili!

Mashine haikudanganya, Neema. Ilionyesha fasi ya ugonjwa, panya haimujui. Wewe unamujua.

Wenzako wakicheka jembe lako, wache wacheke. Wewe fungua boneti.

Babu yako, fundi mpaka leo